Iliki Isiyotiwa na Mtu

Libérate Nimbona alijifunza kuoka mkate wa ndizi mwaka alioambiwa ana ugonjwa wa sukari. Daktari alimkataza keki na mandazi, naye, mtu aliyekulia Bujumbura, chai tupu ilimshinda kushuka kooni. Basi akaanza kujaribu: ndizi zilizoiva hadi maganda yakawa meusi, unga wa ngano usiokobolewa, mayai, mafuta kidogo na karanga za kusagwa. Sukari hakutia hata chembe. Mikate ikampendeza yeye, kisha ikawapendeza wanawake wauza dawa za miti pale sokoni Warwick Junction, na hivyo ndivyo alivyopata kazi ya kumweka mjini Durban.

Mwaka 2012 alihamia fleti ndogo karibu na soko. Mpangaji wa zamani alikuwa ameacha jiko la gesi lenye oveni. Libérate alifurahi, akaoka siku hiyohiyo.

Mkate ulipoanza kuumuka, jikoni kukanukia iliki.

Alinusa mikono yake. Akanusa unga, akanusa karanga. Hakuwa na iliki nyumbani. Hakukumbuka hata lini alinunua mara ya mwisho. Lakini alipokata kipande na kukitia mdomoni, iliki ilikuwemo.

Alijiambia kwamba oveni kuukuu hutunza harufu. Akaisugua kwa siki na magadi mpaka chuma kikang'aa. Mkate uliofuata ulinukia zaidi.

Tena kulikuwa na jambo jingine. Kibati chake cha kuokea kilikuwa kimebonyea pembe moja. Alikuwa akikiingiza pembe hiyo ikielekea mlangoni, na akifungua oveni anaikuta nyuma. Alidhani anasahau. Siku moja, alasiri, alivuta kiti, akakaa mbele ya oveni bila kuondoa macho. Mlango haukufunguliwa. Mkate ulipoiva, pembe iliyobonyea ilikuwa nyuma, na mkate wote ulikuwa umeiva sawasawa, rangi ya kahawia kila upande.

Alishuka ngazi bila viatu kwenda kwa Mzee Jecha, mtunza jengo, Mzanzibari wa Chatsworth. Mzee hakucheka.

"Aliyekaa humo kabla yako alikuwa Mkongo, Élisabeth," alisema, macho yake yakiwa kwenye funguo zake. "Asubuhi moja alitoka kununua maziwa, akaacha mkate jikoni. Tulivunja mlango kwa sababu ya moshi. Yeye mwenyewe hakurudi."

"Alikufa?"

"Hajaonekana, mama. Wala yeye, wala maiti. Ana mdogo wake, Colette, anasuka nywele Pinetown. Huyo mpaka leo amekataa matanga. Anasema dada yake yu hai."

Libérate aliwaza kuitupa ile oveni. Badala yake alifunga mkate kwa kitambaa, ungali moto, akapanda taxi hadi Pinetown.

Colette alikuwa akimsuka mteja. Kitambaa kilikuwa bado hakijafunguliwa, harufu ikamfikia, vidole vyake vikasimama.

"Élisabeth iko wapi?" aliuliza kwa Kiswahili cha kwao Kongo. "Ulimuona wapi?"

"Sikumuona, mama. Mimi ninakaa tu kwake."

Colette alikula kipande amesimama, taratibu, kama anayesikiliza. Machozi yakamtiririka.

"Njo mkono yake, njo iliki yake. Na ile oveni inaunguzaka nyuma. Kila mara alikuwa anageuza mkate katikati ya kuoka."

Habari ya kibati kugeuka Libérate hakuwa ameitaja kwa Colette hata kidogo.

"Sasa najua," Colette alisema akifuta machozi. "Angekuwa muzima, angekuja kwangu. Hangekuja kwa mutu asiyemujua."

Jumamosi hiyo walifanya matanga kanisani, bila jeneza, kwa picha tu iliyozungushiwa maua. Libérate ndiye aliyeoka mikate ya waombolezaji. Wa kwanza ulitoka umeungua nyuma, na jikoni kulinukia ndizi na karanga, basi. Aliukwangua ule weusi kwa kisu huku akilia, ingawa yeye hakuwahi kumjua marehemu.

Watu wa kanisani walimshauri ahame. Hakuhama. Mwezi uliofuata Colette ndiye aliyekuja kuishi naye, wakawa wanaoka pamoja Jumapili baada ya ibada. Mara nyingine, mkate ukiwa ndani, Colette hukatiza maneno yake, akainua uso na kufumba macho.

"Unasikia harufu ya iliki, da Libérate?"

"Hapana," Libérate hujibu, naye husema kweli.

Colette hutabasamu, akaenda kufunga dirisha, ili isitoke nje.