Mikono ya Kanga

Leo mkamwanangu amempaka mwanawe shubiri kwenye kidole gumba, aache kukinyonya. Harufu ile ilipopita, kidole changu kikajificha chenyewe ndani ya ngumi.

Mimi utotoni shubiri niliilamba ikaisha. Bibi akanishonea gauni lenye mikono mirefu, iliyozibwa mwisho kama foronya.

“Siku mbili tatu tu, mjukuu wangu, utasahau,” akasema, akikata uzi kwa meno.

Nzi akitua puani pangu, nilimwacha atembee. Wenzangu walicheza mdako uani, na mdako unataka vidole. Bibi alipokwenda kisimani akaurudishia mlango. Nikaupigapiga kwa ngumi za kitambaa, kitasa kikaniteleza kila nilipokishika.

Nililia mpaka nikachoka, nikautia mkono wa gauni mdomoni. Hapo ndipo nilipokitambua kile kitambaa. Kilikuwa kanga ya mama, ile aliyoisahau siku alipoachwa akarudi kwao Maramba. Harufu yake ya asumini ilikuwa bado imo. Nikanyonya mpaka kikalowa.

Bibi alirudi akanikuta nimetulia kimya, mikono mapajani.

“Umeona?” akasema. “Ushasahau.”