Visiwa vya Barafu na Kibanja cha Mjane

Wiki hii nilikuwa barazani bomani, hapa Karagwe. Karani alitusomea gazeti: visiwa vya barafu, huko kaskazini mwisho wa dunia, sasa ni vya Mnorwei.

“Nani amezikwa huko?” akauliza mjane aliyekuja kushtaki kwamba kibanja chake cha migomba kimegawiwa mtu mwingine.

“Hakuna wenyeji, mama. Ni dubu tu.”

“Basi huyo Mnorwei kapewaje?”

“Wakubwa wamekubaliana.”

Mjane akachora mpaka hewani kwa kidole. “Mimi nimepanda mlamula, mti wa alama, mpakani. Mume wangu kalala migombani.”

Karani akakunja gazeti taratibu. “Na hicho chako wamekubaliana, mama.”

Nasikia wale dubu hawakuhamishwa. Bahati yao, hawana migomba.