Injini ya Asubuhi na Mwiko Wangu

Gari letu lilianza kugongagonga mwezi wa sita, baridi ilipoingia. Mume wangu akizungusha ufunguo saa kumi na mbili asubuhi, injini ilitoa kelele kama maharage makavu yanayotikiswa ndani ya sufuria. Sekunde tatu, nne hivi, kisha ikanyamaza na kunguruma vizuri siku nzima. Ni gari la zamani, usukani wake uko upande usiotakiwa katika nchi yetu, na mlango wangu hufunguliwa kutoka nje tu. Kelele kwake si jambo la ajabu. Lakini hii ilikuwa mpya, na mimi nazijua sauti za gari lile kama ninavyokijua kikohozi changu mwenyewe.

Kilichonishangaza ni kwamba yeye hakusema neno.

Nieleze kwanza ni mtu gani. Maisha yake yote ya kazi alikuwa fundi wa mitambo hapa mtaani kwetu Panda, na tangu astaafu, kila Jumamosi watu wanamletea magari uani kwetu ili ayasikilize. Hatengenezi, mgongo haumruhusu. Anainama juu ya injini, anafumba macho, kisha anamwambia mwenye gari: shida iko hapa, nenda kwa fundi wako afungue hapa. Wanaondoka wakishukuru, na wengine wakirudi kutoka Kapolowe wanatuachia mahindi mabichi. Wiki nzima mume wangu anavaa malapa, lakini Jumamosi anavaa viatu na shati lenye kola. Sasa mtu kama huyo anakaa ndani ya gari lake mwenyewe, linagongagonga, na yeye anatazama mbele kama yuko misani! Nilidhani ametia pamba masikioni kwa makusudi, kwa kuwa ndiye aliyelichagua gari lile na hapendi lisemwe vibaya.

"Papa, moteur iko inalia," nilimwambia asubuhi moja.

"Ndiyo, baridi iko mingi," akajibu, na kutia gia.

Nilinuna mpaka sokoni. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi kwa miaka mingi, na kujibiwa kando ya swali ni kitu kinachonichoma hata leo.

Nikaamua kumzunguka. Siku moja alipokwenda kwenye mazishi ya mwenzake wa kazi, nililichukua gari nikalipeleka mjini kwa fundi mmoja niliyemfundisha mwaka wa nne. Hata wakati ule alipenda kumaliza zoezi kabla ya kulisoma. Nilipofika injini ilikuwa imeshapata moto. Akaiwasha mara tatu, ikaitika kwa adabu kama mtoto aliyeona mgeni. Nilitoa simu, maana nilikuwa nimeirekodi ile sauti asubuhi. Akaisikiliza, akacheka, akiniita mwalimu kama zamani darasani.

"Maîtresse, ile ni kalanga uko unakalanga?"

"Nitakukalanga weye," nikamjibu. "Sikiliza muzuri."

Akasikiliza tena, akakuna kichwa. Simu haina faida, alisema. Sauti kama hiyo hutoka injini ikiwa imelala usiku kucha. Ukishaiwasha mara moja, umeipoteza mpaka kesho. "Acha gari ilale hapa kwangu, asubui nitaisikia miye mwenyewe." Alisema kweli. Lakini gari la mume wangu kulala kwa fundi mwingine, wote mtaani wakiona? Ingekuwa sawa na kumvua shati mbele ya watu. Nilirudi nyumbani na sauti yangu ndani ya simu.

Ukweli niliupata siku ya pili, bila kuutafuta. Alikuwa uani ananyoa ndevu, amenipa mgongo, kioo kidogo kimening'inia ukutani. Nilikuwa mlangoni nachambua mboga za lenga-lenga, nikamwomba anisogezee ndoo. Hakugeuka. Nikarudia. Akaendelea kunyoa, polepole, upande wa kidevu. Basi hasira zikanipanda na nikasema kwa sauti ile ya darasani kwamba nyumba inaungua. Wembe ulipita shavuni taratibu, akausuuza, akaendelea.

Nikakaa chini na majani yangu mapajani.

Yote yalinijia kwa pamoja. Mwaka mzima alikuwa amehamisha kiti chake mezani, badala ya kukaa pembeni yangu kama zamani alikaa mbele yangu, akinitazama usoni nikisema. Nilifikiri ni mapenzi ya uzeeni. Nilijivuna hata kwa akina mama wa kanisani, nikawaambia wangu ananiangalia sasa kuliko alivyoniangalia siku ya ndoa. Kumbe alikuwa anasoma midomo yangu. Nilicheka peke yangu pale mlangoni, kisha nikalia kidogo, kisha nikaenda kuichukua ndoo mwenyewe.

Nilingoja amalize kufuta uso. Nikasimama mbele yake.

"Papa, weye hausikie tena."

Alikasirika kabisa. "Minye? Minye njo nasikilizaka moteur ya bantu bote, leo unaniambia minye sisikie?"

"Yetu inaliaka kila asubui. Haujaisikia hata siku moya."

Alitazama gari, akanitazama mdomoni, akatazama gari tena. Akaniuliza ni tangu lini. Nikamwambia tangu baridi ianze. Alihesabu, nilimwona anahesabu, si siku tu bali pia Jumamosi, na magari yote aliyoyainamia akikisia kwa kuona moshi, rangi ya mafuta na mtetemo wa chuma chini ya kiganja.

"Jumamosi," alisema mwishowe, "utawaambia niko mugonjwa. Na Jumamosi ingine pia."

Akaingia ndani akavaa malapa yake. Sitaficha: jambo lile lilinitisha kuliko injini. Injini ikifa, tutatembea kwa miguu. Lakini mume wangu wa Jumamosi akifa, yule wa viatu na kola, nitabaki na mzee anayezunguka uani akisubiri chakula. Sikutaka. Ila sikujua la kufanya.

Kesho yake saa kumi na mbili nilimkuta nje, boneti imeinuliwa. Alikuwa na bisibisi ndefu, ya chuma mpaka mpini, ameuma mpini wake kwa meno ili mtetemo umfikie mfupani, ncha ameiegemeza kwenye injini. Alinionyesha kwa mkono: washa. Kabla sijakaa sawa akaitema. Kulikuwa na baridi, na chuma kilikuwa kimemwuma jino bovu.

"Lete mwiko," alisema.

"Mwiko wangu wa bukari?"

"Mbao njo ninataka."

Nilimletea mrefu, ule wa kusongea ugali wa sherehe, huku moyo ukiniuma. Akauma mpini, akaweka bapa lake juu kabisa, kwenye kifuniko cha vali, akafumba macho. Nikawasha. Maharage yakatikisika sekunde nne, yakanyamaza. Akatoa mwiko kinywani na kusema kwamba hapo kuna mtetemo, lakini mdogo, unatoka mbali. Nilitaka kuwasha tena. Alinizuia. Ilikuwa kama alivyosema yule fundi wangu: asubuhi moja, nafasi moja.

Siku ya pili alilala ubavuni kwenye gunia na kuuegemeza mwiko chini, karibu na sufuria ya mafuta ya injini. Huko, alinieleza, ndiko kunakokaa ubaya mkubwa. Injini ikigonga kutoka chini, unaanza kuiaga. Niliwasha nikiwa nimefumba macho mimi pia. Alipoinuka alikuwa anatabasamu na matope ya mafuta kidevuni. Chini hapakuwa na kitu.

Siku ya tatu akaenda mbele, kwenye kifuniko kinachoficha mnyororo wa injini. Nilimsihi aangalie feni, akanipungia mkono nisimsumbue. Nikazungusha ufunguo. Nilimwona kichwa kinatikisika kabisa, mpaka nywele zake nyeupe, na macho yakafunguka makubwa.

"Ni chaîne!" aliutaja mnyororo kwa kelele, bila kujua anapiga kelele. "Maman, inanigonga mu meno!"

Jirani alichungulia juu ya ukuta akatuona: mzee ana mwiko wa bukari mkononi, mate yakimtoka, na mkewe kwenye usukani anapiga makofi. Nilimsalimia kama kawaida.

Kuanzia hapo aliacha meno, akatumia akili. Tulizima gari, tukangoja mpaka saa sita mchana, akaniambia niwashe na nimweleze ninasikia nini. Sikusikia kitu. Jioni vilevile. Basi, alisema, mnyororo wenyewe bado unafaa, na kile kidude kinachoukaza kinafanya kazi. Kinakazwa kwa nguvu za mafuta. Mafuta yakikaa juu usiku, asubuhi kinakaza mara moja. Mafuta yakiteremka yote usiku, mnyororo unalegea na kupigapiga mpaka yapande tena. Shida ni kwamba kuna mahali yanateremkia. Ndani ya filtre, lile chujio la mafuta, kuna kijikombe cha mpira kinachoyazuia yasirudi chini.

Alinitazama. "Ile filtre, nani aliuza?"

Kwetu kuuza ni kununua, na alijua vizuri nani aliinunua. Mnamo Mei alinipa ile ya zamani mkononi, akaniagiza nisikubali nyingine ila ile ile. Mimi niliifunga kwa gazeti nikaona aibu kuitoa kwenye duka la watu, ilikuwa inachuruzika mafuta. Muuzaji alinipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, akaniita mama mwenye kujua magari, akasema hii na ile ni moja tu. Nikaamini. Mwalimu mzima!

Mume wangu aliifungua, akaikata kwa msumeno juu ya tofali. Ndani, mpira ulikuwa mgumu kama ganda la karanga, umepinda pembeni. Aliniwekea kiganjani. Alikuwa ananisoma mdomo, akangoja, akaona haufunguki. Akaanza kucheka mpaka akashika ukuta, nami nikacheka. Siku nyingi tulikuwa hatujacheka hivyo.

Tulikwenda pamoja kununua nyingine, ile ya kwanza kabisa ikiwa mkononi nje ya gazeti lake, mafuta yakichuruzika. Asubuhi iliyofuata aliuma mwiko tena, nikawasha, na injini ikaitika kama maji yanayomiminwa. Alibaki pale muda mrefu na mwiko kinywani, halafu akanigeukia.

"Imenyamaza?"

"Imenyamaza, Papa."

Alitaka kuambiwa na mimi. Meno yake yalikuwa yameshamwambia, lakini alitaka kwa mdomo wangu.

Ilikuwa Ijumaa. Jioni sikumwuliza kitu kuhusu kesho, na yeye hakusema. Nilipanga maneno ya kuwaambia watu, mafua, homa kidogo, na kila nikiyapanga niliyafuta.

Jumamosi alivaa viatu.

Wa kwanza alikuwa mwenye kamioneti anayebeba mahindi ya Kapolowe, mtu wa maneno mengi. Nyuma yake palikuwa na wengine wawili wanangoja, na jirani wa ukuta. Mwenye kamioneti alianza kueleza akiwa ameinama kwenye injini, uso chini. Mume wangu alimgusa bega na kumwinua. Alimwambia bila kupunguza sauti kwamba masikio yake yameisha, kwamba kuanzia leo anayetaka msaada atasema akimtazama usoni, na gari litalala hapa ili asubuhi liwashwe baridi. Mwenye kamioneti alinitazama, akamtazama mzee wangu.

"Sasa, vieux, nani atasikia?"

"Bibi yangu atasikia. Minye nitafikiri."

Bibi ndiye mimi mkewe, na mikono yangu ilikuwa na unga. Niliifuta kwa kitenge nikasogea. Kamioneti ile hupita mbele ya shule iliyo jirani yetu kila siku ikipanda kilima, na naijua. Nikasema kwamba ikipanda inapiga kama mtu anayebisha hodi upande wa kushoto, na ikishuka inaacha. Nilisema haraka kwa sababu ya hofu, na nilikuwa nimeielekea injini badala ya kumwelekea yeye.

Tangu nimfahamu mume wangu, hajawahi kukiri mbele ya watu kwamba kitu kimempita. Angejibu kando, angekohoa, angesema baridi ni nyingi.

"Rudia, Maman," aliniambia, wote wakisikia. "Siyasikia."

Nikamgeukia, nikarudia polepole.