Bao la Mchana wa Ramadhani

Mume wangu Muhiddin alikuwa fundi makubadhi Mkunazini, na jioni akicheza mpira wa majini. Hayo ya pili ndiyo yaliyonitia uzee. Miaka mitano anaingia baharini na klabu yake pale Forodhani, na hajatia bao hata moja. Shoga yangu Mwanakheri akinikuta sokoni huniuliza, "Mwenzangu, leo mumeo kaokota nini huko majini?" Nami nikishika njia yangu, maana ningemjibu tungeshikana.

Muhiddin mwenyewe hana habari. Mfupi, kifua kipana, mikono imekomaa kwa ngozi na sindano. Kaptura ya kuchezea nilimshonea mie kwa amerikani, na mara mbili ilimvuka mbele za watu, akaivaa humohumo majini akaendelea. "Bao moja tu, Mama Time," akiniambia, kwa jina la mwanetu. "Nikishatia moja nawaachia wengine."

Mwaka sitini na nane Himid, nahodha wao, akamwambia wazi kwamba mechi inayokuja ndiyo ya mwisho kwake. Kofia za timu za kuchezea majini zilikuwa saba, moja kwa kila mchezaji, na vijana wanaoitaka ya Muhiddin walikuwa wengi. Alirudi nyumbani siku hiyo hata chai hakuigusa.

Mechi yenyewe ilikuwa na mafundi wa Kijerumani waliokuwa wakijenga majumba. Walitaka kurudi kwao kwa Krismasi, basi ikabidi ichezwe Ramadhani. Hapo hasira zikanipanda. "Baba Time, bahari na saumu vinapatana wapi?" Akaenda kuuliza kwa maalim. Maalim akamwambia bora aache, lakini akishikilia kucheza na maji yakampita kooni, basi saumu imeharibika na siku hiyo atailipa. Muhiddin akarudi na jawabu lake.

"Tutacheza midomo tumeifunga."

Na wakafanya mazoezi hivyo, wallahi. Watu wazima saba, midomo wameibana, wanaitana kwa nyusi. Anayetaka mpira anainua mkono, na akiinua mkono anazama. Mpira ukawa unakwenda asikotaka mtu. Mie nilicheka ukingoni mpaka mbavu zikaniuma. Muhiddin hakucheka, na kila alasiri alishuka tena.

Siku ya mechi nilisimama na buibui langu, Mwanakheri ubavuni. Wajerumani warefu, wanapiga makelele, wanajaza maji vinywani na kuyatema kwa raha zao. Wetu kimya kama wamo msikitini. Tukatiwa mabao manne.

Mchezo unakaribia kwisha, nikamwona Muhiddin yuko peke yake mbele ya goli, hana wa kumkaba. Himid ndiye mwenye mpira, na kampa mgongo. Muhiddin akainua mkono, akazama, akaibuka. Akainua nyusi. Sasa nani ataziona nyusi kwa kisogo? Akaliangalia wimbi linalomjia, akauangalia mgongo wa Himid. Nami nilimjua mume wangu, nikasema kimoyomoyo, ataufungua mdomo huyu.

"Himid, nipe!"

Wimbi likamjaa kinywani. Mpira ukaja, akaupiga huku anakohoa, na kipa wa Kijerumani akaukosa. Nikapiga kigelegele mchana wa Ramadhani. Mwanakheri akanivuta buibui ninyamaze, kisha naye akapiga chake.

Nyumbani nikamuuliza, "Maji yalipita?"

Angeweza kusema aliyatema, nani angemjua? "Yalipita," akasema. "Na niliufungua mdomo makusudi." Akajizuia kula na kunywa mpaka magharibi, akafuturu na sisi. Kesho yake akamrudishia Himid kofia ya timu. Nilimpenda siku zile kuliko alipokuja kuniposa, ingawa sikumwambia, asije akavimba kichwa.

Siku ya kuilipa saumu aliichagua mwenyewe, Idi tatu. Nyumba imejaa wageni, halua na kahawa zinapita, na yeye kakaa katikati hali kitu. Kila anayesogezewa sahani anamsogezea na yeye. "Nnalipa," anasema. Mtu huuliza analipa nini, na Muhiddin huanza tangu kwa Wajerumani.

Wageni walipopungua nikamwambia, "Baba Time, ungengoja wiki ijayo, watu washaacha kutembeleana."

Akaniangalia, midomo imemkauka.

"Halafu nani angeniuliza?"