Mtu wa Kabari

Mume wangu, Masele Mabula, hakuwa fundi wala dereva. Alilima pamba na mtama kama wanaume wengine wa Mhunze. Lakini kitu kizito kilipotakiwa kupanda juu ya lori, watu walikuja kupiga hodi kwetu. Trekta lililovunjika ekseli, tangi la maji, kengele ya kanisa, vyote vilikuwa kazi yake. Walikuja wakati wa palizi, wakati wa mavuno, na wakati tumeshika tonge. Wakasema, "Baba Esta, ni kazi ndogo tu." Haikuwa ndogo hata siku moja, naye hakukataa hata siku moja.

Kazi hiyo alijifunzia Geita, kwenye machimbo ya dhahabu, kabla hatujaoana. Alichimba kidogo, kisha akaingizwa katika kundi la kuhamisha mashine. Walikuwa wakizipandisha kwenye lori kwa mbao na kamba. Watu wanavuta kidogo, halafu mtu mmoja aliye nyuma anaingiza kabari, kipande cha mti kilichochongwa ncha, ili mashine isirudi. Watu wanapumua, wanavuta tena, anaisogeza kabari juu. Kamba ikikatika, au wavutaji wakiachia kabla kabari haijakaa, mzigo wote unamjia yeye. Masele ndiye alikuwa mtu wa kabari. Machimbo yalipofungwa mwaka sitini na sita alirudi kwangu na kwa watoto akiwa na blanketi, sufuria moja nzuri, na mgongo ambao asubuhi ulichelewa kunyooka.

Mimi nilisoma madarasa machache tu kwa masista, lakini macho yangu nayaamini. Kila alipoitwa nilimfuata, nikijifanya nampelekea maji ya kunywa. Nilisimama pembeni na kibuyu changu. Alipoinama nyuma ya kitu sikumwondolea macho mpaka alipotoka. Nimezaa watoto watano, lakini nadhani mvi hizi nimezipata pale pembeni mwa malori.

Mwaka sabini na saba mashine ya kusaga ya kina mama wa kijiji iliharibika. Injini ililia kama ng'ombe aliyenyongwa na kamba, ikanyamaza. Tukarudia mawe. Wenye nguvu walibeba mahindi kichwani mpaka kijiji cha pili, wakarudi jua limezama na watoto wamelala na njaa. Ilikuwa hivyo tangu mvua za mwisho mpaka kiangazi. Mwenyekiti wetu, Bujiku, alipata fundi Shinyanga mjini aliyekubali kuitengeneza, ila injini ipelekwe kwake. Pamba ilipoanza kuchukuliwa, dereva mmoja wa lori, Tarsisi, mtu wa Ushirombo, akasema ataibeba iwapo itapandishwa kwanza, magunia ya pamba yafuate.

Masele wakati ule alikuwa ametoka kwenye homa. Sauti ilikuwa imekauka kabisa, akizungumza ni kama mtu anayekwaruza chungu. Nilimwambia, "Baba Esta, waambie wasubiri lori jingine."

"Nawe utasaga kwa mawe mpaka lini?"

"Nimezoea."

"Uongo," akasema, akaanza kutafuta kabari zake.

Aliandaa kila kitu mwenyewe, polepole, akipumzika kila mara kama mzee. Alimwaga maji na mafuta ya injini, akafungua yale magurudumu mazito ya pembeni ili ipungue uzito. Alichimbisha mtaro, lori likarudi nyuma mpaka matairi ya nyuma yakaingia humo na bodi likashuka. Akaweka mawe kwenye matairi yote. Mbao mbili nene za ghala la pamba alizifunga kwenye bodi kwa waya zisiteleze. Injini ilikuwa imefungwa juu ya gogo la panda, lenye mikono miwili mbele na mkia nyuma, lile tunalofunga ng'ombe kukokotea mizigo shambani. Kila mkono wa ile panda ulikaa juu ya ubao wake, na kila mkono ukafungwa kamba yake. Kamba moja ilipita kulia kwa kichwa cha lori, nyingine kushoto, kwa sababu wavutaji walitakiwa kusimama mbele kabisa.

Hapo ndipo ubaya ulipoanzia. Kiangazi ndio msimu wetu wa ngoma, na wanaume wa kwetu wote wako upande mmoja au mwingine: Wagalu au Wagika. Msimu huo wanashindana mpaka jirani hasalimii jirani. Masele alikuwa na kanuni yake. Kwenye kila kamba alichanganya, Mgalu akifuatwa na Mgika, na alikataza nyimbo. Alihesabu yeye mwenyewe, kwa sauti isiyo na utamu wowote, na watu walivuta kama wanaovuta maji kisimani. Walimlaumu kwamba anaharibu raha ya kazi.

Siku hiyo Bujiku akasema, "Waacheni wavute na wenzao. Wagalu kulia, Wagika kushoto. Itapanda kabla uji haujapoa."

Masele akatikisa kichwa. Akasema neno, hakuna aliyelisikia. Akasema tena, akakohoa. Nilimwona akitazama lile lori, kisha watu, kisha jua. Akachoka kubishana. Akachukua kabari na nyundo, akaenda nyuma, akainama.

Kwa kuwa hakuwa na sauti, walimchagua Makoye atoe sauti badala yake. Makoye ni mume wa binti yangu Esta, na ndiye mwimbishaji wa Wagika. Alipanda juu ya bodi la lori, akasimama mbele karibu na kichwa, akiwatazama wavutaji. Mgongo aliipa injini, na mgongo akampa baba mkwe wake.

Walianza vizuri. Makoye aliimba, wakavuta, akanyamaza, nami nikasikia nyundo ya Masele, ko, kabari imekaa. Wimbo tena, kuvuta, kimya, ko. Nilianza kupumua kama watu wengine.

Halafu Mgalu mmoja akasema kwa nguvu, "Wagika, kamba yenu imelegea. Mmeishika kama mkia wa ndama wa mtu."

"Sisi tumelegeza ili mtufikie," wakajibu wa upande wa pili.

"Mlikula nini jana? Viazi vikavu, michembe ya mwaka juzi?"

"Tulikula kwa dada yako."

Wakacheka wote. Makoye naye akacheka, na wimbo alioanzisha sasa ukawa ule wa ngoma wenyewe, wa kuwakejeli Wagalu. Wagalu hawakuweza kuvumilia. Wakaanzisha wao wa kwao, bila mwimbishaji, wakavuta kwa mdundo wao. Wagika wakavuta kwa mdundo wa Makoye. Lori lilikuwa katikati yao, hakuna aliyemwona mwenzake, kila upande unasikia tu kelele za mwingine na kuzidisha. Tarsisi dereva alikuwa ameegemea mlango wake akipiga makofi.

Nyuma kule nilikuwa peke yangu wa kutazama. Mkono wa kulia wa panda ulitangulia, wa kushoto ukabaki, kisha wa kushoto ukafukuzia kwa kishindo. Injini ikawa inatembea kama mlevi. Kila ilipotikisika mkia wa gogo ulisogea pembeni, ukakaribia ukingo wa ubao. Masele alikuwa chini yake, bega karibu na chuma, akiingiza kabari huku, akikimbilia kule. Alikuwa anapiga kelele. Niliona mdomo wake ukifunguka, lakini sikumsikia, na mimi nilikuwa karibu kuliko wote.

Nami nikapiga kelele. Nani angesikia mwanamke mmoja kati ya Wagalu na Wagika?

Nikafikiri nikimbilie mbele nikamshike mtu mkono. Lakini akiachia mmoja wataachia wote, na kama kabari haijakaa, basi. Ningekuwa nimemuua mimi.

Kwetu mkwe wa kiume na mama mkwe hawakutani. Makoye akinikuta njiani huingia porini mpaka nipite. Akija kumsalimia Masele, mimi hujifungia jikoni. Hajala chakula mkononi mwangu, hajanitazama usoni tangu alipomwoa Esta, na mimi vilevile, hiyo ndiyo heshima. Nilimjua kwa mgongo wake na sauti yake tu.

Nikaweka kibuyu chini. Nikaenda ubavuni mwa lori, nikakanyaga tairi, nikashika ubao wa bodi. Kanga ilinasa, nikaivuta ikapasuka. Hapo juu nilimwona Masele vizuri, chini ya ile injini, na nikasubiri. Wakavuta. Nikamwona akipiga nyundo, mara moja, mara ya pili, na mkono wake ukaondoka kwenye kabari. Nikatembea juu ya bodi, nikampita Makoye, nikasimama mbele ya uso wake.

Wimbo ulikatika kama uzi. Nilimwona macho kidogo tu. Akafunika uso kwa kofia, akageuka, akaruka chini upande wa shamba, akachuchumaa ameupa mgongo umati wote.

Wagika walinyamaza. Wagalu wakaendelea kidogo, wakaona wako peke yao, wakashangilia wakidhani wameshinda. Halafu nao wakaniona.

"Msiachie kamba," nikasema. "Shikeni hivyohivyo. Msivute, msiachie."

Sijui kwa nini walinisikiliza. Labda kwa aibu ya lile nililofanya. Bujiku alikuja akiwa na maneno mdomoni, akatazama nyuma ya lori, akaona mkia wa gogo umetoka nusu nje ya ubao, na Masele amekaa chini ameegemea kabari kwa mgongo, mdomo wazi, anatafuta pumzi. Alichukua mtaimbo, yeye na Tarsisi, wakalirudisha gogo katikati polepole.

"Wachanganye," Masele aliniambia kwa ile sauti ya chungu. Ilinifika kwa kuwa nilikuwa nimepiga magoti ukingoni mwa bodi, juu ya kichwa chake.

Nikasema kwa sauti, "Nusu ya Wagalu waje huku. Nusu ya Wagika waende kule. Mmojammoja, kamba isilegee."

"Leo tunavutishwa na Mama Esta," mmoja akasema.

"Hata kwako unavutishwa," akajibiwa, "tofauti hapa kuna kamba."

Hawakucheka sana. Walibadilishana. Masele akarudi kwenye kabari, na mimi nikabaki juu ya bodi nikimtazama. Alipoinua kidole nilisema vuta. Aliposhusha nilisema basi, nikasubiri nyundo. Hakuna aliyeimba. Vuta. Basi. Vuta. Basi. Ilikuwa kazi ya kuchosha kuliko kulima, na ilichukua muda mrefu mpaka watoto waliokuja kutazama wakaondoka. Injini ilipoingia ndani ya bodi na kukaa, hakuna aliyeshangilia. Watu waliachia kamba, wakatazama viganja vyao, wakaketi palipo na kivuli.

Masele alitaka kunyooka akashindwa. Alibaki ameinama, ameshika ukingo wa lori. Nilishuka nikampa maji, mengine yakamwagika kifuani.

"Umempita mkweo mbele ya watu," akasema.

"Nimempita."

"Esta atakuja kukulaumu."

"Aje. Baba bado anaye."

Alinitazama, akanywa tena. Esta alikuja kweli, hata kabla magunia hayajapakiwa, kitambaa kimemlegea kichwani. Alisema mume wake amekwenda nyumbani, hataki kula, na watu watatunga wimbo juu yake msimu mzima. Kisha akamwona baba yake alivyosimama. Akakaa chini karibu na miguu yake, akaanza kumwondolea miba iliyoshika kwenye suruali.

Jioni ilikuwa bado mbali. Masele aliifunga injini kwa kamba zilezile, huku na huku, akaigongea kabari pande zote nne. Magunia yakapangwa kuizunguka. Bujiku akaja akiangalia viatu vyake.

"Baba Esta, fundi kule hana watu wanaojua. Ungekwenda nayo ukaishushe."

Nilimkata jicho. Masele alikuwa tayari ameanza kupanda, mguu mmoja, halafu mwingine, kama anayepanda mlima. Hakuuliza ni lini atarudi. Alijiegemeza kwenye gunia karibu na injini, akaweka nyundo mapajani, na kabla lori halijawashwa alikuwa amelala, kichwa kimeanguka upande.

Nikaenda kwa Tarsisi dirishani. "Baba, huyu mtu ni mgonjwa. Huko mnakokwenda, nani atasimama chini ya ile mashine?"

"Hakuna."

"Kuna mtu husimama kila siku. Niambie ni nani."

"Mama, fundi ana winchi," akasema. "Mnyororo na gurudumu juu ya mti. Inanyanyua yenyewe, inashusha yenyewe. Mzee atakaa kitini aangalie."

"Kweli?"

"Nimeshusha injini pale mara nyingi. Chini hakai hata kuku."

Nilimwangalia usoni muda mrefu kama ninavyowaangalia wauza dawa mnadani. Sikuona uongo. Nikamwambia aende taratibu kwenye makorongo, mtu amelala. Akasema ataenda taratibu.

Lori lilitoka kwenye mtaro kwa shida, likapita, likaingia barabarani. Nililitazama mpaka vumbi lake likatulia. Kisha nikarudi nyumbani, nikatandika mkeka, nikalala jua likiwaka, mlango wazi, mbuzi wakipita ndani. Esta alikuja kunifunika, akaniacha hivyo.