Fundi Shakila na Watoto Kumi na Watatu wa Kilondwe

Saa moja kasoro robo asubuhi, Shakila Mkude amelala kifudifudi kwenye sakafu ya saruji ya Zahanati ya Kilondwe, shavu limegusa chini, mkono mmoja umeshika kioo kidogo cha kujitazamia. Anakisogeza nyuma ya jokofu, anakipindisha, anakitoa, anakifuta kwa pindo la kanga, anakirudisha tena.

"Bluu," anasema hatimaye. "Ingekuwa ya njano tungekuwa na kazi leo."

Anachokitazama ni mwali wa moto usiozidi urefu wa ukucha, unaowaka chini ya jokofu linalotunza chanjo za watoto wa vijiji vinne vya upande huu wa Milima ya Uluguru. Umeme haujafika hapa. Jokofu linaendeshwa kwa mtungi wa gesi.

Anainuka kwa kushika ukingo wa meza, anasoma kipimajoto, anaandika, anatoka nje kuutikisa mtungi, anarudi, anasoma tena.

"Kaa basi unywe chai, Fundi," muuguzi wa zahanati, Rahel Lyimo, anamwambia.

"Nakaa."

Hakai. Ameshapiga magoti na anapitisha kiganja kwenye mabomba ya nyuma, moja baada ya jingine, kutafuta lililo moto na lililo vuguvugu.

Kwenye benchi la nje kina mama wameanza kujipanga. Bibi mmoja aliyempakata mjukuu anachungulia mlangoni. Shakila anamwamkia shikamoo, anaitikiwa marahaba, kisha bibi anatoa swali ambalo inaonekana amekaa nalo siku nyingi.

"Hivi ni kweli humo mnawasha moto ili kuwe na baridi?"

"Kweli kabisa, bibi."

"Moto?"

"Moto huuhuu wa kupikia ugali. Ndani ya mabomba kuna dawa. Moto unaichemsha inapanda, ikipoa inageuka maji, na maji yale yakianza kukauka yanavuta joto lote la ndani ya sanduku. Si unajua spiriti wanayokupaka kabla ya sindano? Ngozi inapata ubaridi. Ni hivyo hivyo."

Bibi anatikisa kichwa kama mtu aliyeamua kutobishana, anarudi kwenye benchi.

Watu wakihesabu makubwa ya karne ya ishirini hutaja ndege, kompyuta na binadamu kukanyaga mwezini. Shakila, mwenye umri wa miaka 46, hutaja vitu viwili tu: matone ya polio na friji. Kimoja alikikosa kwa sababu ya kingine.

Alizaliwa milimani, mwendo wa saa tatu kwa miguu kutoka hapa. Alipokuwa mchanga mama yake alimbeba hadi kliniki kupata matone. Jokofu la kliniki lilikuwa la mafuta ya taa, na wiki ile mafuta yalikuwa hayapatikani. Chanjo zilikuwa zimeharibika. Wakaambiwa warudi mwezi unaofuata. Mvua zikanyesha, njia ikafungwa, na kabla hawajarudi Shakila alishikwa na homa ya siku nne. Ilipoondoka, mguu wa kulia haukusimama tena sawasawa.

Leo mguu huo ni mwembamba kuliko mwenzake na mfupi kidogo. Fundi viatu wa Mwembesongo, mjini Morogoro, humshonea soli nene upande mmoja. Lakini asiyemjua akipanda naye mlima ndiye atakayeomba wapumzike.

"Mama hakuwahi kumlaumu mtu," anasema. "Alikuwa akisema tu, 'Mafuta yalikwisha.' Nikiwa mdogo nilidhani mafuta ndiyo jina la ugonjwa wangu."

Ufundi aliupata mjini, kwenye karakana ya majokofu ya soda alikoajiriwa kufagia. Mwaka wa pili alikuwa anashika spana. Mwaka wa kumi wateja walikuwa wakimuulizia kwa jina. Siku moja akaja mganga mmoja wa zahanati na jokofu la gesi lililoshindikana kwa mafundi wawili, na Shakila akalipindua, akaliacha kichwa chini siku nzima, akalisimamisha, likagandisha. Tangu hapo, miaka kumi na moja sasa, yeye ni fundi wa mkataba wa majokofu ya chanjo. Ana zahanati kumi na tisa, nyingi milimani, na hulipwa kwa siku za kazi. Siku ambayo pikipiki haipiti anatembea, na kutembea hakulipwi.

Anaishi mtaa wa Mafiga, hukohuko mjini, na binti yake, Angelina, anayesoma chuo. Angelina anasema mama yake hajawahi kumaliza sahani ya chakula bila kuinuka.

"Hata friji la jirani likinguruma vibaya anasimama," anasema. "Namwambia, mama, hilo ni la maji ya kunywa tu. Ananiambia najua, halafu anakwenda."

Mwezi Juni mwaka huu utulivu huo mdogo aliokuwa nao uliisha kabisa.

Ilikuwa Jumatatu. Jokofu la Kilondwe lilikuwa limepanda hadi nyuzi kumi, wakati chanjo zinatakiwa kukaa kati ya mbili na nane. Shakila alisafisha kichomeo, akaongeza moto, akafuta ndani. Alipokuwa anafuta alihamisha boksi la chanjo ya sindano inayokinga dondakoo, kifaduro, pepopunda na magonjwa mengine mawili. Kwa kawaida jokofu likishaongezwa moto fundi hulala hapohapo, aamke nalo, aone limetulia wapi. Lakini simu ikaita: zahanati nyingine, jokofu limezimika kabisa. Akapanda bodaboda akaondoka.

Wiki hiyo baridi ilishuka milimani. Jumatano ikawa siku ya kliniki, watoto wakachanjwa.

Jumatatu iliyofuata alikuwa nyumbani Mafiga, anaosha vyombo. Alishika sufuria akaisukuma hadi mwisho wa rafu, ikagonga ukuta. Akabaki ameshika sufuria.

"Mkono ndio ulionikumbusha," anasema. "Boksi lile nililisukuma hivyo hivyo. Hadi mwisho. Na mwisho wa friji lile ndipo penye barafu."

Alimpigia Rahel simu mara sita, mtandao ukakataa. Kesho yake saa tatu asubuhi alikuwa Kilondwe, jasho linamtiririka.

Kipimajoto, kilichoning'inia karibu na mlango, kilisoma nyuzi nne. Safi kabisa. Boksi lilikuwa nyuma, limegusa ukuta wa barafu, karatasi yake imelowa na kukunjamana. Chupa za ndani zilikuwa maji, lakini hilo halikumtuliza. Chanjo ile ikishaganda, hata ikiyeyuka, huwa imekufa. Haimdhuru mtoto, ila haimkingi.

Akachukua chupa moja ya nyuma na moja iliyokuwa rafu ya mbele, akazitikisa pamoja, akaziweka mezani. Nzima hubaki na ukungu kama maji ya mchele. Iliyoganda hutuama haraka, mashapo meupe chini, maji maangavu juu. Akatazama saa. Rahel naye akaja akasimama. Haikufika robo saa, chupa ya nyuma ilikuwa na mstari.

"Jumatano nimechoma wangapi kwa boksi hili?" Rahel aliuliza, akijiuliza mwenyewe, tayari anafungua daftari.

Walikuwa kumi na watatu.

Shakila hafichi kilichompitia kichwani dakika ile. "Hakuna aliyeniona nikilisukuma boksi. Ningesema friji bovu, ingeandikwa friji bovu, basi. Friji halijitetei."

Aliketi, mara yake ya kwanza asubuhi ile, akamwambia Rahel: "Ni mimi. Nililisogeza mimi, na sikulala hapa kuliangalia."

Rahel anakumbuka jinsi alivyokasirika. "Nilitoka nje nikasimama pale kwenye maua," anasema. "Wale watoto nawajua majina. Niliporudi nilimkuta anaandika taarifa. Ameandika jina lake mstari wa kwanza."

Chanjo mpya zilipandishwa siku iliyofuata ndani ya kasha la baridi. Shakila si muuguzi, asingeweza kumdunga mtu, lakini alikataa kushuka mjini. Alifuatana na Bartholomeo Kunambi, mhudumu wa afya wa kijiji, nyumba kwa nyumba, kwenye miteremko ya maharage na migomba, kuwaita kina mama warudi. Bartholomeo alitaka yeye ndiye awaeleze wazazi, kwa kuwa anajulikana. Shakila akakataa hilo pia.

Nyumba nyingine walimsikiliza wakachukua kanga wakaenda. Nyumba moja baba wa mtoto aliuliza kama watoto wao ndio wa kujaribia dawa, akamfungia mlango. Shakila alikaa kwenye jiwe la nje tangu saa sita. Saa kumi mlango ukafunguliwa na mama akatoka amembeba mtoto, baba nyuma yake.

Kwa siku sita walipatikana kumi na wawili.

Wa kumi na tatu alikuwa Yusuph, mtoto wa wiki kumi na moja. Mama yake, Maimuna, alikuwa ameondoka naye kwenda Gairo, wilaya nyingine ya mkoa, kumsaidia kaka yake kuvuna karanga. Simu hana. Jirani alijua kitu kimoja: shamba la kaka lipo nyuma ya mashine ya kusaga.

"Gairo ina mashine ngapi za kusaga?" Shakila anacheka kidogo, kisha anaacha. "Nilizunguka nne."

Aliwakuta siku ya pili, mchana. Maimuna alikuwa anang'oa karanga, mtoto amelazwa kivulini juu ya gunia. Shakila alijieleza akiwa amesimama kwenye tuta. Maimuna aliendelea kung'oa hadi mwisho wa mstari, kisha akageuka.

"Kwa hiyo mwanangu alilia siku mbili kwa sindano ya bure?"

"Ndiyo, mdogo wangu."

"Na umetoka Morogoro mpaka hapa kuniambia hivyo?"

"Nimekuja kukupeleka akachomwe nyingine. Kosa ni langu."

Maimuna alimtazama usoni, kisha akautazama mguu na kile kiatu chenye soli nene.

"Na huo mguu?"

"Nilikosa chanjo. Friji liliishiwa mafuta."

Maimuna alikung'uta udongo mikononi, akamfunga mtoto mgongoni, akamwita wifi yake amalizie tuta. "Twende basi," alisema, "kabla hawajafunga."

Yusuph alidungwa alasiri hiyo kwenye kituo cha afya cha karibu. Alilia sana. Shakila anasema alitoka nje asikie kilio akiwa peke yake, na kwamba hajui kwa nini naye alilia.

Alipewa onyo la maandishi, na kwa miezi mitatu hakuruhusiwa kuongeza moto kwenye jokofu lolote bila muuguzi kusimama pembeni. Hakulalamika. Anasema siku hizi huuliza mwenyewe, "Nani ananiangalia?" kabla hajagusa kitu.

Kilichomnyima raha ni kingine. Aligundua kwamba katika zahanati zake kumi na tisa kila mtu anaogopa joto, na karibu hakuna anayeogopa barafu. Baridi inaonekana jambo jema. Ikizidi, nani atashtuka? Basi akaomba ruhusa ya kutunza zile chupa zilizoharibika, zikaandikwa kwa wino mwekundu "si ya kutumia". Anazunguka nazo. Kila anapofika humketisha muuguzi na mhudumu, huwapa chupa iliyokufa na iliyo hai, huwaambia watikise, wasubiri, wamwonyeshe mstari. Humalizia kwa kuwaambia chupa hizo zilitoka wapi na nani alizigandisha.

Amefika zahanati saba. Zimebaki kumi na mbili.

Zipo habari kwamba majokofu ya sola yatapandishwa milimani, yasiyo na moto wala mtungi. Angelina anamtania mama yake kwamba atakosa kazi. Shakila anasema tayari ameomba ahudhurie mafunzo ya mafundi Februari, na ameandika barua kuomba fundi mmoja kijana, ikiwezekana msichana, apangwe kuzunguka naye.

"Yakija, watu watayaamini sana kwa sababu ni mapya," anasema akifunga mkoba wa spana. "Nataka wakati huo kila zahanati iwe na watu wawili wa kuyatilia shaka. Mimi nikiwa mbali, au nikiwa ndiye niliyekosea, wao waone."

Leo, kwa mara ya kwanza tangu Juni, ameongeza moto wa jokofu la Kilondwe. Ni kidogo tu, nusu ya mzunguko wa swichi, na Rahel alisimama pembeni ingawa muda wa onyo umekwisha. Boda wa kumshusha mjini amefika, anapiga honi barabarani. Shakila anatoka hadi mlangoni, anamwambia aende zake, arudi kesho asubuhi.

Kisha anaingia ndani na kumuuliza Rahel atandike wapi mkeka.