Mikono ya Mpiga Piano

Mpiga piano wa parokia yetu, hapa Makomeno, haanzi kupiga kabla ya kupasha mikono moto. Huisugua, huipulizia, kisha hukumbatia kikombe cha chai, hata mwezi wa kumi jua linapotuchoma. Mama Laurentine, kiongozi wa kwaya, humuuliza, «Papa, tutaimba leo ao kesho?» Yeye hutabasamu tu, akinyoosha kidole kimoja kimoja kama anayeamsha watoto.

Jumapili iliyopita Mama Nkandu, ambaye hakuwa ameimba tangu amzike mume wake, alianza wimbo ghafla, peke yake, na sauti ikamkatikia njiani. Mpiga piano akaitupa chai chini, akamdaka kwa piano, vidole vikiwa bado baridi, akamfikisha salama hadi mwisho wa wimbo.

«Kumbe unawezaka bila kupasha mikono!» Laurentine akacheka.

«Leo nimekosa wakati ya kuogopa, mama.»